Maoni Yetu kuhusu Ufuta

4 Machi

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua cha baridi kimekuacha. Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimia, amepata miwani mipya, na sasa anaona vumbi mahali ambapo sisi hatukuwahi kuliona. Nyumba nzima hatupumui. Mjukuu wako wa mwisho ameng'oka meno ya mbele, akicheka anaziba mdomo kama mtu mzima. Baba yupo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu uliniambia simu ni ya kuulizana kama watu wameamka, na jambo hili linahitaji zaidi ya hapo.

Kazi yangu unaijua: napima ufuta katika ghala la ushirika. Wakulima wanaleta magunia, akina mama wanapepeta na kuchagua, mashine mbili zinachekecha, halafu mimi nachota kiganja kutoka kila gunia, naangalia unyevu, mawe na wadudu, naweka sahihi. Karibu ufuta wetu wote unakwenda China. Wiki iliyopita gazeti likaandika kwa herufi kubwa: CHINA YAFUNGA MLANGO KWA UFUTA WA WADOGO. Kesho yake akaja mshauri wa biashara, kijana mwenye viatu vinavyolia, amewahi kukaa kule kwenye kozi. Akatukusanya penye kivuli cha kupakilia akasema, "Jamani, nawapenda, ndiyo maana nawaambia ukweli. Wachina wakiamua wameamua. Hawajadiliani na mtu. Uzeni mashine sasa, zikiwa bado zina thamani." Na mnunuzi tayari anaye mfukoni. Mwenyekiti wa ushirika amekubaliana naye. Mwezi wa sita tutapiga kura.

Mashine zikiuzwa, ghala litabaki la popo. Wanawake wanaofanya kazi humu hawana pengine pa kwenda, na mimi vilevile.

Wewe unasoma magazeti yao kila siku, kwa lugha yao. Ni kweli wamefunga?

Na swali langu la kila mwaka: unakuja lini?

Mwanao, mpima ufuta


20 Machi

Mwanangu, marahaba, na nyingine ya akiba.

Kifua kimeniacha, goti limepokea zamu. Bado nakaa chumba kilekile, juu ya duka la kuchonga funguo. Tangu asubuhi chuma kinalia chini ya kitanda changu, na mwenye duka ananiita Profesa kwa kuwa mimi ndiye mteja wake mkubwa: hauishi mwezi sijapoteza ufunguo. Mwambie mama yako miwani aivue anapoingia jikoni kwa mkwewe, itampunguzia maadui. Na kaka yangu? Umeandika "Baba yupo." Meza nayo ipo. Yu hali gani?

Sasa ufuta. Nimeutafuta waraka wenyewe nikausoma mara mbili, kwa lensi, kidole kikifuata mstari. Hawajafunga kitu. Kichwa cha waraka kina mabano mwishoni, na ndani ya mabano wameandika kwamba hii ni rasimu iliyotolewa ili watu watoe maoni. Gazeti lenu limeyaacha mabano nje, kama mtu aliyesikia fulani anafikiria kuoa, akakimbia kupangisha viti.

Mimi nilikwenda China nikiwa kijana, nikasomea mifereji ya maji, na jioni, kwa kuwa sikuwa na ndugu wa kuzungumza naye, nikajifunza kusoma karatasi za serikali. Tangu nitoke kule nikahamia huku, nchi nyingine ya ugenini, nimekutana na watu wengi wanaoieleza China, na karibu wote wana ugonjwa mmoja: wanataka iwe mtu mmoja, mwenye kichwa kimoja, akiamka anaamua. Nusu yao wanamwogopa mtu huyo, nusu wanamwabudu, na hakuna anayesoma kifungu hadi mwisho. Kule kuna ofisi nyingi, mwanangu, kama kwingine kote, na zinavutana shuka usiku kucha. Waraka huu umetoka kwa wanaokagua vyakula vinavyoingia. Wanaosimamia biashara hawajautia mkono. Wenye viwanda vya mafuta hawajasema neno bado, nao wakikosa ufuta watalia kwa sauti ambayo ofisi inaisikia.

Kifungu chenu ni cha kumi na moja. Kinasema ghala linalouza kule liwe na mtambo wa kupitisha ufuta kwenye mvuke wa moto ili kuua wadudu, kuanzia Januari, na lisilo nao "kwa msingi" halitapokelewa. Katika karatasi za kule, ofisi inayosema "kwa msingi" imeacha dirisha wazi. Ingetaka kufunga kabisa ingeandika "kabisa", wino wanao. Maoni yanapokelewa hadi mwisho wa Mei.

Nina swali kwa huyo mshauri. Kama mlango umefungwa, huyo mnunuzi anayezitaka mashine za kusafisha ufuta atasafisha nini? Muulize mbele ya watu.

Msiuze kabla ya maandishi ya mwisho. Na mwenyekiti wenu siku hizi ni nani? Hukunitajia.

Baba yako mdogo


11 Aprili

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako ilichelewa kunifikia kwa sababu ilikaa kwenye droo ya mwenyekiti. Nitalieleza hilo. Mama hakuvua miwani, na mkwewe sasa anapika akiwa amempa mgongo.

Nilimuuliza mshauri swali lako. Akasema mnunuzi ana mipango mingine. Hapo akainuka Mama Chekeche, mzee anayeendesha mashine ya kwanza, ambaye hata sisi wenye vyeo tunamwogopa, akasema, "Mwanangu, mipango mingine ya chekeche la ufuta ni ipi? Analitandika alalie?" Watu walicheka hadi vumbi likapanda. Mshauri akafungua mkoba, akaufunga. Kura imesogezwa hadi maandishi ya mwisho yatoke.

Hiyo ndiyo habari nzuri. Sasa nyingine. Mwenyekiti ni baba. Sikukuambia kwa kuwa nilijua ama usingejibu, ama ungemjibu yeye badala yangu. Aliponipa barua yako alisema, "Huyo anajua Wachina wamekunywa nini asubuhi. Mama yetu tulipomzika hakujua ni siku gani." Nimekuandikia kama alivyosema. Nilichomjibu usiniulize.

Usimwone mbaya. Kuna mwaka mzigo wetu ulirudishwa kutoka China, na ni yeye aliyesimama getini kuwaambia akina mama hakuna kazi, na wengine walikuwa wamekuja na watoto mgongoni. Hataki kusimama pale tena. Anataka auze mwenyewe kabla hajafungiwa. Namwelewa, na nampinga, na jioni tunakula meza moja tukiombana chumvi.

Jambo jingine. Uliandika kwamba maoni yanapokelewa. Hukuandika ya nani. Basi nimewapelekea. Nimeandika kwa Kiswahili, simu ikatafsiri, nikaambatanisha picha za mashine, za sakafu, na za akina mama wakichagua. Nimesema mvuke tunauweza: kuna boila la kiwanda cha nguo kilichokufa, linauzwa, fundi amelikagua. Ila kufikia Januari hatuwezi, watupe misimu miwili. Baba hajui. Mshauri amesikia, sijui kwa nani, akanicheka hadi akashika ukuta. "Unawaandikia Wachina? Kama nani?"

Nikamwambia, kama mpima ufuta.

Unakuja lini?

Mwanao


27 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, sikungoja kufika juu. Habari za kaka nimezipata. Hilo la mama sitalijibu kwenye karatasi.

Umewaandikia! Nilicheka peke yangu hadi mwenye duka akatoka kutazama. Miaka yote hii nawasikia watu wakibishana China inataka nini, wenye suti na wasio na suti, na sijamwona hata mmoja aliyechukua kalamu akawaambia Wachina yeye anataka nini. Kisha nikakaa chini kwenye ngazi, kicheko kikaisha.

Maana na mimi nimewaandikia. Mapema mwezi huu, kwa niaba yenu. Sikukuambia kwa sababu nilitaka nikuletee jibu kama mtu anayeficha zawadi mgongoni. Niliandika kwa mkono, kwa adabu zote nilizofundishwa na wazee wa kule, salamu ikifuata salamu. Nikaeleza kwamba maghala madogo kama lenu hayana uwezo wa mtambo wa mvuke wala hayatakuwa nao, kwamba wafanyakazi wake ni wanawake maskini wa mikono mitupu, na nikaomba msamehewe kifungu.

Unaona tulipofika. Kwenye meza moja ya karani kuna karatasi mbili za ghala moja. Ya kwanza inasema hatuwezi kamwe, ya pili inasema tupeni misimu miwili. Atazitupa zote kwenye kapu moja na hatakuwa amekosea.

Nafasi bado ipo. Nakuomba uandike tena, useme ulikosea kuhusu boila. Kusamehe ni rahisi kwa ofisi kuliko kubadilisha tarehe. Nawajua wanavyofikiri. Niamini kwa hili.

Baba yako mdogo


13 Mei

Baba mdogo, shikamoo. Wote wazima. Salamu zimekwisha.

Nani alikwambia hatuwezi?

Nilimsomea Mama Chekeche yale maneno yako, wanawake maskini wa mikono mitupu. Akaitazama mikono yake, pande zote mbili, akauliza, "Huyo baba yako mdogo alituona lini?" Ulipoondoka ghala hili lilikuwa zizi. Hujawahi kusikia mashine zetu zikiwashwa, hujui kwamba Mama Chekeche anatambua kwa sauti tu kwamba wavu umetoboka. Hujui kwamba mimi nimewahi kulikataa gunia la baba mbele ya foleni nzima na gunia likarudi.

Unamcheka mshauri kwa sababu anaijua China kwa kozi. Wewe unatujua sisi kwa kitu gani? Umekwenda ukurasa kwa ukurasa kwenye waraka wa watu wa mbali, hukuruka hata bano. Sisi umeturuka wote. Gazeti lilituambia mlango umefungwa. Mshauri akatuambia tuuze. Wewe umewaambia wenye mlango kwamba sisi hatuna miguu. Afadhali gazeti, lenyewe halijui jina langu.

Na huo msamaha wako, umewahi kujiuliza unatuweka wapi? Aliyesamehewa kifungu kila mwaka anakwenda kuomba tena. Nimemwona baba akiomba. Mimi siombi.

Sifuti neno hata moja. Nikisema nilikosea kuhusu boila nitakuwa nimesema halipo, na lipo, lina kutu upande mmoja, nimeligusa kwa mkono huu.

Futa wewe.

Safari hii sikuulizi unakuja lini.

Mpima ufuta


2 Agosti

Mwanangu, marahaba, hata kama shikamoo ya Mei hukuitoa kwa moyo.

Nilianza barua tatu au nne za kujitetea, nzuri sana, zenye mifano ya historia, nikazichana zote. Mwenye duka akapanda ngazi kuniuliza, "Profesa, mbona siku hizi hupotezi funguo? Unaumwa?" Sikuwa naumwa. Sikuwa natoka.

Ulisema kweli.

Kabla dirisha la maoni halijafungwa niliwaandikia mara ya pili. Safari hii bila adabu za kizamani, na kwa mistari michache. Nimesema barua yangu ya kwanza niliiandika bila kuwauliza wenyewe. Nimesema ghala lina mpima wake, amekwisha kusema, na penye kupingana lishikwe neno lake. Kisha nikakaa kungoja, kwa sababu sikutaka kukuletea toba peke yake, bila habari.

Habari imekuja. Maandishi ya mwisho yametoka, mabano hayapo tena. Kifungu chenu sasa ni cha kumi na mbili, na nimekitafsiri neno kwa neno kwenye karatasi ya peke yake. Kwa ufupi: ghala lenye mtambo wa mvuke linauza kwa jina lake lenyewe. Lisilo nao haliruhusiwi kuuza kwa jina lake, ila linaweza kupeleka ufuta kwa ghala kubwa lililosajiliwa, nao utauzwa kwa jina la hilo kubwa. Muda wa kuweka mtambo umesogezwa kwa msimu mmoja. Uliomba miwili.

Utataka kujua kama ni sisi tuliosogeza. Sijui. Wenye viwanda vya mafuta walilalamika kama nilivyotarajia, na hilo peke yake linatosha kueleza kila kitu. Huenda picha zako alizitazama karani mmoja akila chakula cha mchana, akamwonyesha mwenzake. Huenda hakuna aliyezifungua. Atakayekuambia anajua, mtoe nje.

Ninachokijua ni hiki: huyo mnunuzi alikuwa na akili. Alisoma rasimu vizuri kuliko gazeti lenu, akaliona dirisha. Sasa mashine zenu zikienda kwake, ndiye atakayekuwa ghala kubwa, na ninyi mtampelekea magunia.

Sikushauri. Kilichoandikwa nimekuambia, kilichoko ghalani unakijua wewe. Tafsiri hii mpe kaka mkononi, mbele ya watu akitaka, na mwambie imetoka kwangu. Asipoiamini, amtafute mwingine anayesoma lugha hiyo, tulinganishe. Siogopi kulinganishwa.

Hukuniuliza ninakuja lini. Nimeliona pengo lake.

Baba yako mdogo


30 Agosti

Baba mdogo, shikamoo, na hii ni ya moyoni.

Wote wazima. Mjukuu wako anaota meno mapya, makubwa kuliko uso. Mama ameikalia miwani. Mkwewe amelia machozi ambayo hakuna aliyeyaamini.

Nilimpa baba tafsiri yako asubuhi ya mkutano. Akauliza, "Ya nani?" Nikasema, ya ndugu yako. Akaishika muda mrefu. Nilidhani inakwenda kwenye droo. Akaingia nayo mkutanoni akaisoma mwenyewe, kwa sauti, kifungu chote, hakuruka kitu, na alipofika mwisho akasoma na jina lako.

Mshauri akasimama, viatu vikalia. "Mnaona? Nilisema. Njia rahisi hiyo hapo: uzeni mashine, ufuta wenu upelekwe kwa mkubwa, mlale usingizi."

"Utauzwa kwa jina la nani?" baba akauliza.

"Mzee, jina si kitu. Watu wanakula bei, hawali jina."

"Nimekuuliza jina la nani."

Mshauri akalitaja la mnunuzi. Ghala likachafuka. Mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Kwa hiyo mashine zetu, ufuta wetu, na sisi wenyewe, wote tunakwenda kwa shemeji yako?" Maana ni shemeji yake, baba mdogo, na nusu ya ukumbi walikuwa wanajua wakisubiri mtu wa kulisema.

Baba akagonga meza. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu akaniita kwa kazi yangu. "Mpima. Hilo boila linafanya kazi?"

"Lina kutu upande mmoja. Bati litabadilishwa."

"Msimu mmoja unatosha?"

Ningeweza kumdanganya. Watu wote walikuwa wananitazama, na kama ningesema unatosha wangeshangilia. "Hautoshi," nikasema. "Tutafanya kazi hadi utoshe. Tukishindwa, tutakuwa tumeshindwa kwa jina letu, na mashine bado zitakuwepo za kuuza."

Tukapiga kura kwa mikono. Baba alinyoosha wake upande wa kuuza. Alikuwa amekwisha kusema atauza, na hakuwa mtu wa kugeuka mbele ya ukumbi kwa sababu ya binti yake wala ya ndugu yake. Alikuwa na wachache sana pamoja naye, na aliwahesabu bila haraka, kisha akauhesabu upande wetu, mkono kwa mkono, pamoja na wa Mama Chekeche ambaye alinyoosha yote miwili akaambiwa ashushe mmoja.

Baba akafunga daftari. "Nimeshindwa," akasema. "Haya. Nani ana kamba za kuvutia boila?"

Watu wakaanza kusogeza magunia kufungua njia, kana kwamba boila liko nje linabisha hodi. Mshauri alikuwa bado amesimama palepale na mkoba wake. Nilimwonea huruma kidogo, si nyingi. Akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Na Wachina wakibadilisha tena? Mkishaweka hilo boila lenu, wakija na karatasi nyingine, mtafanya nini?"

Mama Chekeche alikuwa ameinama anafunga kanga kiunoni, anajiandaa kubeba. Hata hakuinua kichwa.

"Tutawaandikia," akasema. "Anwani si tunayo?"

Mwanao